Kishindo cha Yaya Zaina

Simu ilipoleta habari kwamba Yaya Zaina, na yaya kwetu ni dada mkubwa, amefariki, kabla sijalia nilisikia kinu chake. Nilikuwa nyumbani kwangu Yanonge, napuliza moto, na simu nimeibana kwa bega. Binti yake Mariamu alisema maneno machache tu, kwamba mama amepumzika alfajiri na kwamba atazikwa siku hiyo hiyo kabla ya jua kuzama, kama desturi yao ilivyo. Nikajua sitawahi maziko. Nilipanda pikipiki kesho yake, nikafika Kisangani nikiwa mwekundu wa vumbi mpaka kwenye nyusi. Pale uani, mtaani Kabondo, wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka, wengine wakiniamkia, wengine wakijiuliza huyu mama mnene ni nani. Sikuwaona vizuri. Nilikuwa nakitazama kinu kando ya mlango wa jiko, kimepinduliwa, mdomo chini na kitako juu. Hapo ndipo nilipolia. Simu ilikuwa imenipa habari, lakini mimi nilifundishwa zamani kwamba habari ya namna ile huletwa na kinu, na mpaka nilipokiona moyo wangu ulikuwa bado unabisha.

Niliishi na Zaina, katika nyumba yake ya zamani, mwaka mmoja tu. Mambo ya kwetu, na kwa nini binti wa wavuvi wa maporomoko, Mkristo wa kubatizwa, alikwenda kupanga kwa familia ya Waislamu wa Kabondo, nitayaacha, hayana utamu. Itoshe kusema nilikuwa nasomea ualimu Makiso, nilikuwa na miaka ishirini, na nilipewa chumba cha nyuma chenye dirisha lililotazama jiko. Chumba kile kilinuka mafuta ya mawese na sabuni, kwa sababu Rajabu, mume wa Zaina, alikuwa akihifadhi humo bidhaa zake. Alikuwa mchuuzi wa mtoni. Alishuka na chumvi, sukari, sabuni na vitenge mpaka Barumbu, akapanda na samaki wa kukausha na mawese. Nililala kati ya madumu na marobota, na kila aliposafiri chumba kilipanuka, aliporudi kikajaa tena nikawa naruka vitu kufika kitandani. Rajabu alikuwa akinitania kwamba mimi pia ni mzigo wake, ila mzigo usiopata mnunuzi. Nilimpenda kama kaka. Nasema hivyo mapema ili ieleweke kwamba katika yaliyofuata sikuwa mtazamaji tu.

Mwenye nyumba hasa alikuwa mama yake, Bibi Mariamu, mwanamke mfupi mwenye macho yaliyofifia na masikio makali ajabu. Mji wetu ulikuwa umetoka kwenye vita wakati ule, na wale waliokuwepo wanajua ni vishindo gani nisivyotaka kuviandika hapa. Neno lenyewe lilikuwa limeharibika. Mtu akidondosha gunia, watoto walijitupa chini. Mwalimu wetu mmoja aliandika neno kishindo darasani, wanafunzi wakanyamaza wote, naye akalifuta ubaoni bila kueleza. Lakini Bibi hakukubali kunyang'anywa neno lake. Kwake yeye kishindo kilikuwa cha jikoni tangu zamani, na alilitumia kutwa nzima, kama mtu anayeita kuku wake warudi nyumbani. Alipika kwa masikio. Tulipotwanga pondu, yale majani ya muhogo, yeye aliketi kwenye kigoda chake akichambua mchele, kichwa kimeinama upande, na alijua majani yamefika wapi.

Siku yangu ya kwanza kushika mchi nilitwanga kwa nguvu zangu zote, nikidhani nitasifiwa. Mchi uliteleza juu ya majani ukagonga ukuta wa kinu, ukapiga ukelele wa mti kwa mti. Bibi alinyanyua mkono.

"Weye mutoto wa maji," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita kwa sababu ya kwetu kwenye maporomoko, "hiyo haiko kishindo. Hiyo iko makelele."

"Si vyote ni sauti, Bibi?"

"Hapana. Makelele inarudia kwa masikio. Kishindo inaingia chini, inabakia kule. Tia mukono juu ya udongo."

Niliweka kiganja changu sakafuni. Zaina akatwanga. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko yangu, nzito na butu, haikung'aa wala haikuruka. Lakini niliisikia mkononi, kisha kwenye goti nililopiga, kisha tumboni. Nilipomwambia Bibi kwamba kwetu maporomoko nayo yana kishindo kikubwa, alicheka mpaka akakohoa. Maporomoko yana ngurumo, alisema, kitu kisicho na mwanzo wala mwisho. Kishindo ni kimoja, kizima, kimetua, kimekwisha, na kingine lazima mtu akikusudie. Siku hizi nikisikia redioni kwamba fulani ameshinda kwa kishindo, na watu wanapiga makofi, huwa namkumbuka Bibi na kutabasamu kidogo. Kwake neno lile halikuwa na fahari hata chembe. Lilikuwa na maana ya kazi iliyozama ikashika mahali pake.

Zaina ndiye aliyenifundisha kutwanga kwa michi miwili. Alikuwa amenizidi miaka michache tu, mrefu, mwenye pengo mbele na ulimi wa kuchoma. Jioni tulitwanga lituma, yaani ndizi zilizochemshwa, ambazo hushika mchi na kutaka kubaki nao. Mimi nilikuwa na haraka. Nilipiga, na kabla hajapiga yeye nilikuwa nimepiga tena, michi ikagongana.

"Marselina, usijaze nafasi yangu," aliniambia. "Piga, acha, miye nipige."

"Nafikiri utachelewa."

"Sitachelewa. Ile nafasi iko yangu. Hata nikipangusa jasho, hata nikicheka na mutu, unaniachia."

Nilijifunza. Baada ya mwezi tuliweza kutwanga huku tunasengenya, na sikumbuki furaha nyingine ya mwaka ule iliyozidi ile, mchi wangu ukipanda wakati wake unashuka, na Bibi pale kwenye kigoda ananyamaza, ambako kwake ndiko kulikuwa kusifu. Barabara yetu nzima ilijua vinu vya wenzao. Ukipita saa za jioni ulisikia nyumba baada ya nyumba, na mtu aliweza kusema huyu leo anatwanga peke yake, huyu ana mgeni. Ndiyo maana kulikuwa na ile desturi. Nyumba ikifikwa na msiba, mwanamke mkubwa wa nyumba hupindua kinu, na kimya chake ndicho kinachotoa habari. Hakuna anayetumwa kwenda kusema. Jirani akisikia kimya saa ya kutwanga, huja kuchungulia, akikiona kinu mdomo chini huvua viatu na kuketi. Na kinyume chake ni hivyo hivyo, kwamba kinu kikilia, hakuna ruhusa ya kuja na pole. Nyumba inatwanga, basi watu wake ni hai.

Katikati ya mwaka Rajabu alishuka mto na hakurudi. Boti la mbao alilopanda lilizama upande wa Basoko, limejaa kupita kiasi kama kawaida. Baadhi ya abiria waliokolewa, wengine waliibukia ng'ambo nyingine wakarudi kwa miguu baada ya wiki kadhaa, wakiwa wamekonda na wamekwisha kuliliwa makwao. Mmoja alirudi mtaa wa pili akakuta nguo zake zimegawiwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa balaa yetu, kwamba kulikuwa na mfano wa kushika. Zaina aliushika kwa mikono yote miwili. Alitwanga kila siku. Pasipo na pondu alitwanga mihogo, pasipo na mihogo alitwanga majani ya viazi, na siku moja nilimkuta anatwanga maganda ya ndizi ambayo hayakuwa ya kuliwa na mtu. Kila boti lilipofika bandarini Makiso alipanda toleka, ile baiskeli ya kubeba watu, akaenda kuuliza, na mimi alinibakiza kinuni ili nyumba isinyamaze. Aliniagiza niache nafasi yake vile vile, nisiijaze, ili barabara isikie kwamba wa pili yupo njiani.

Kaka mkubwa wa Rajabu, tuliyemwita Tonton Hamisi, yaani Ami Hamisi, seremala, alikuwa na hoja, na sikuweza kumchukia kwa sababu alilia alipokuwa anazitoa. Nilimsikia kutoka chumbani kwangu, kati ya madumu ambayo hakuna aliyethubutu kuyauza. Alikuwa amekaa sebuleni na mama yake, chai mbele yao imepoa.

"Mama, batu yote banajua," alisema. "Bon, alors tunangoja nini? Tupindue kinu, tusome dua, huyu mutoto akae eda yake amalize. Yeye bado kijana. Hivi hana bwana na hawezi kuolewa. Iko kama mutu mwenye anasimama kwa mulango, haingii, hatoki."

Zaina alikuwa uani na alisikia yote. Alijibu bila kuacha kutwanga. "Miye sijaona mutu, Tonton."

"Hautamuona, dada."

"Basi nitatwanga."

Mchi uliendelea kushuka. Kisha Bibi alisema, taratibu, kwamba kinu ni chake, alikuja nacho siku ya harusi yake. "Siku miye nitajua, nitapindua. Leo sijui. Kunywa chai yako."

Na hakuna aliyeligusa tena jambo lile. Wakati ule nilidhani Bibi alikuwa anamfurahisha mkwewe. Sasa nami nina wana, mmoja nimemzika, naelewa kwamba alikuwa anatwanga na Zaina kwa namna yake, kutoka kwenye kigoda. Alihitaji kishindo kile kumzidi hata Zaina mwenyewe. Yule alikuwa mwanawe.

Asubuhi ninayotaka kuieleza kulikuwa na ukungu mtoni na habari kwamba boti limelala bandarini. Zaina alikuwa chumbani kwake anajifunga kitenge kizuri, anaimba chinichini, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi. Mimi nilikuwa nafagia barazani. Akaja mwanamume wa makamo mwenye miguu ya mvuvi, akauliza hapa ndipo kwa mama wa Rajabu. Bibi alimkaribisha mkekani. Alikataa chai. Alizungumza akitazama vidole vyake.

"Mama, natoka Barumbu. Siku boti ilizama, tulimukuta mutu pembeni ya mto. Hatukumujua. Tulimuzika vizuri, mahali pakavu. Juzi mutu wa biashara akasema iko familia Kabondo inatafuta. Nikasema niende mwenyewe."

"Batu ya maji iko wengi," Bibi alisema.

"Mukono wa kushoto ilikuwa na kovu, mama. Toka hapa mupaka hapa."

Aligusa kiwiko chake, kisha kifundo cha mkono. Bibi aligusa mahali pale pale mkononi mwake yeye. Sote tulilijua kovu lile. Rajabu alikuwa akilionyesha kila mara na kusema huu ndio mkataba wangu na mama, maana alipokuwa mtoto mchanga Bibi alimdondoshea mafuta ya moto, na maisha yake yote aliomba msamaha kwa kumwekea minofu ya samaki.

"Kovu ya mafuta," alisema Bibi.

"Ndiyo, mama."

Ndani, Zaina alikuwa bado anaimba. Nilisimama na ufagio. Bibi alinigeuzia uso, sijui aliona nini kwa macho yale, akaweka kiganja chake juu ya mdomo wake mwenyewe na kukiacha pale. Zaina akatoka, amependeza, amejipaka wanja, akamsalimia mgeni kwa adabu akidhani ni mtu wa Tonton, akaniambia niloweke majani, atarudi kutwanga. Tukasikia kengele ya toleka ikienda zake.

"Bibi," nilisema, "kwa nini hujamwambia?"

"Muache aende. Kwa njia ile angali na bwana yake." Kisha akajaribu kuinuka, mgeni akamshika mkono. "Na hii haiko neno ya kinywa."

Akaenda uani akishika ukuta. Alikiinamia kinu, akakikumbatia kama unavyomnyanyua mtoto aliyelala, na hakutaka tumsaidie. Kilianguka kikatua kwa mdomo wake, na hicho nacho kilikuwa kishindo, kilichozama ardhini na kubaki. Niliketi chini pale pale. Majani yangu yalikuwa yamelowekwa bure. Saa ya kutwanga pondu ya mchana ilipofika nyumba ilinyamaza, na kabla ya adhuhuri ua ulikuwa umejaa viatu.

Nilimwona Zaina aliporudi. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa sababu sikuweza kukaa na wale waliolia. Toleka ilikuja mpaka kona, na pale alimgusa mwendeshaji begani asimame. Alishuka. Hakuwa ameona watu bado. Ua wetu ulikuwa umefichwa na uzio wa miti. Alisimama katikati ya barabara, kichwa kimeinama upande, kama Bibi. Alikuwa anasikiliza. Mwendeshaji alimwambia kitu, hakugeuka. Kisha alianza kutembea, polepole, na kila hatua niliona jinsi anavyotaka kusikia na hasikii. Alinipita mlangoni bila kunitazama. Alipita kati ya wanawake, wakamwachia njia. Alifika kinuni, akaweka kiganja juu ya kitako chake, mahali palipokuwa pamebaki udongo.

"Nani amepindua?"

"Miye," alisema Bibi.

Zaina alimtazama kwa muda mrefu. Niliogopa atamtukana, na sijui kama nisingemuunga mkono. Kisha akaketi chini, mgongo wake umeegemea kinu, akafunika uso kwa kile kitenge kizuri. Sauti aliyoitoa sitaisahau, na sitaieleza.

Eda yake yote hakusema na Bibi. Alikaa ndani na nguo nyeupe, alikula kile majirani walicholeta, alinijibu mimi, alimjibu Tonton, lakini Bibi akimwita alinyamaza. Matanga yalipokwisha mtu alipaswa kukisimamisha kinu. Desturi inampa kazi hiyo aliyekuwa karibu zaidi na marehemu katika kula au kutwanga, naye hukitwanga kwanza ili nyumba irudie uhai. Zaina alikataa kukigusa. Bibi naye akazuia mtu mwingine asikiguse. Kuku walipanda juu yake wakanya. Nilikwenda shule na kurudi katika nyumba isiyo na sauti ya kazi, nikala pondu za sokoni, na nilikuwa na huzuni nzito kiasi kwamba nilitamani hata yale makelele yangu ya siku ya kwanza. Niliwahi kumuuliza Zaina kama amemchukia Bibi. Alisema hapana, ila kila akimtazama anakumbuka kwamba siku ile alikwenda bandarini amejipaka wanja kwa ajili ya maiti, na Bibi alijua.

Siku eda ilipokwisha alioga, akavaa nguo ya rangi, akatoka uani asubuhi kweupe. Alikiosha kinu. Alikisimamisha peke yake. Alitia ndizi zilizochemshwa, mimi nikaenda kuchukua mchi wangu, lakini alinipita akaupeleka ule mchi wa pili kigodani.

"Bibi, tutwange," alisema. Hilo ndilo neno lake la kwanza kwake.

Bibi alikuwa hajashika mchi miaka mingi. Alisimama kwa taabu. Zaina alipiga. Bibi aliinua mchi wake, ukatetemeka hewani, ukachukua muda mrefu kupanda na muda mrefu zaidi kushuka, na uliposhuka ulikuwa dhaifu, haukufika hata kwenye goti langu. Zaina alikuwa ameuinua wake tayari na mikono yake ilikuwa inauma kwa kungojea, niliona mishipa. Hakujaza nafasi. Alingoja mpaka mchi wa Bibi uondoke kinuni wenyewe, ndipo akapiga. Waliendelea hivyo mpaka lituma ikalainika, wote wawili wakilia bila kupangusa. Baadaye Zaina aliolewa na fundi wa cherehani wa barabara ile ile, na watu walishangaa kwamba Bibi alihamia naye, pamoja na kinu. Mimi sikushangaa.

Jana ilikuwa siku ya kumaliza matanga ya Zaina. Mariamu, binti yake, aliyepewa jina la Bibi, alikuja kuniambia kwa aibu kidogo kwamba kinu hakijatwangwa muda mrefu, pondu siku hizi husagwa kwa mashine sokoni, na mama alikuwa akikitumia kukalia. Barabara nzima haina kinu kingine kinacholia. Lakini kabla ya kufa mama aliagiza kipinduliwe, na aliagiza tena nani akisimamishe.

"Alisema mama Marselina wa Yanonge," aliniambia. "Alisema yeye anajua."

Tulikinyanyua pamoja, kizito kuliko nilivyokumbuka. Tulikiosha. Mchi ulibaki mmoja tu. Wa pili uliliwa na mchwa. Mariamu alileta ndizi zikitoa mvuke, wanawake wakasogea na sahani zao, maana watu walikuwa na njaa na wengine walikuwa na safari. Niliinua mchi nikapiga. Kishindo kilishuka, butu, kikaingia ardhini, nikakisikia kwenye nyayo zangu zilizozeeka. Nikauinua mchi na kuushikilia hewani.

"Mama, endelea," alisema Mariamu. "Itapoa."

"Ngoja," nilimwambia. "Hii iko nafasi ya mama yako."

Nikangoja kiasi ambacho yeye angepiga, kisha nikapiga changu. Nikangoja tena. Nilitwanga hivyo mpaka mwisho, kimoja changu, kimoja chake ambacho hakikuja, na mikono iliniuma pale pale ilipomuuma yeye siku ile na Bibi. Lituma ilichelewa sana. Watu waliila ikiwa imepoa.